Mwanangu kachomwa jicho na waya, sasa daktari anataka kumwekea lenzi yenye namba pungufu MAKUSUDI. Naomba mnielimishe

#1 babaK (mleta mada)

Wakuu habari za humu. Naandika nikiwa kwenye benchi la wodini so mnivumilie kama mtiririko hautakaa sawa.

Wiki 3 zilizopita nilikuwa nakata waya kwa koleo, dogo wangu wa miaka 5 kachuchumaa pembeni ananiangalia kama kawaida yake, kipande kikaruka. Wala hakulia kihivyo. Alishika jicho akasema baba linawasha. Nikalifunua nikaona mboni haiko duara tena, imevutika upande mmoja kama tone la maji linalotaka kudondoka. Nilikuwa naenda kuliosha, jirani akanidaka mkono akasema usilimwagie kitu, usiliminye, akachukua kikombe kidogo cha plastiki akakifunika juu ya jicho bila kugusa jicho lenyewe akakibandika pembeni, tukaondoka. Mpaka leo namshukuru maana nilipofika nikaambiwa jicho lilikuwa limetoboka, ningelikandamiza ningesukuma vya ndani vikatoka nje.

Usiku uleule wakampiga picha kutafuta kama kuna kipande cha chuma kimebaki ndani, hakikuwepo. Wakamlaza kwa nusukaputi wakashona konea (kile kioo cha mbele cha jicho), sindano ya pepopunda, dawa za kuzuia maambukizi. Siku ya pili yake kwenye mboni kukawa na weupe kama wingu, siku ya nne pote peupe. Wakasema ni mtoto wa jicho wa ajali, waya uligusa lenzi yake ya asili.

Sasa mpango ni kwamba jicho likitulia, kama wiki 5 au 6 toka ajali, wanamrudisha kutoa hiyo lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia. Hapo sina tatizo. Tatizo ni daktari kasema "tutamwekea yenye nguvu pungufu kidogo, atabaki na +2". Yaani wanajua namba sahihi halafu wanaweka isiyo sahihi?? Nikauliza akanijibu jicho linakua, akaitwa thieta, nikabaki hapo. Na shemeji yangu ananiambia nisisaini chochote, ningoje dogo afike miaka 15 huko jicho likishamaliza kukua ndio awekewe ya kudumu.

Naomba wanaojua wanisaidie. Na naomba sana msinikumbushe miwani ya kazi na kumuweka mtoto mbali, hilo nalala nalo na kuamka nalo.

#2 mzee_wa_kona

Pole sana mkuu, ajali haina kinga.

Ila mi niko na shemeji yako. Mtoto wa jicho tumezoea ni wa wazee, mzee ukimwekea plastiki imeisha hiyo anaondoka nayo. Sasa mtoto wa miaka 5 unamwekea kitu kisichokua ndani ya jicho linalokua, si sawa na kumshonea kiatu mguuni? Bora asubiri. Jicho moja linamtosha kwa sasa, lile jingine si zima?

#3 jicho_moja

Mzee wa kona heshima yako, ila hiyo "jicho moja linamtosha kwa sasa" ndiyo iliyonipa mimi hili jina.

Nilichomwa na mkasi nina miaka 4. Lenzi ilitolewa vizuri tu, haikuwekwa nyingine, nyumbani wakaambiana akikua tutaona. Nikapewa miwani kioo kimoja kinene kama kitako cha chupa na kingine cha kawaida. Nikiivaa naona mlango mkubwa na mlango mdogo umepanda juu ya mwenzake, kichwa kinauma, naitupa. Wakiniokotea naitupa tena, mwisho wakachoka. Miaka ikaenda. Jicho likaanza kukimbilia nje, makengeza, shuleni nikapata majina ya kutosha.

Nina miaka 16 nikapelekwa kuwekewa lenzi. Operesheni safi, daktari akaangalia ndani akasema konea ina kovu dogo tu pembeni, retina (utando wa nyuma unaopokea picha) nzima, lenzi imekaa katikati. Akaniziba zuri akaniuliza herufi ya juu kabisa ile kubwa. Sikuiona. Naona mwanga, naona mtu anapita, basi. Akamwambia mama jicho halina shida mama, ubongo ndio ulishaacha kulisikiliza zamani.

Nimeshasamehe watu wote maana walifanya kwa kujua kwao. Ila mleta mada, ukisoma moja tu humu soma hii.

#4 optomu

Mi kazi yangu ni kupima macho, watoto nawaona kila wiki, ngoja nijibu swali la namba maana ndio kiini.

Jicho la mtoto akizaliwa lina urefu wa kama milimita 16 au 17 kutoka mbele hadi nyuma. La mtu mzima ni 23 hadi 24. Sehemu kubwa ya huo ukuaji inaisha miaka 2 ya kwanza, baada ya hapo linatambaa polepole. Wa miaka 5 ameshafika kama 22. Sasa jicho likirefuka, picha ambayo ilikuwa inatua sawasawa kwenye retina inaanza kutua mbele yake, ndio kuona karibu tunakoita namba za minasi. Kwenye jicho la asili lenzi yenyewe inapungua nguvu taratibu kadiri jicho linavyorefuka kwa hiyo vinakwenda sambamba. Lenzi ya bandia haipungui. Ukimwekea leo namba ya sifuri kabisa, akifika utu uzima jicho lishamkimbilia kwenye minasi, wengine minasi kubwa.

Kwa hiyo daktari anamwachia upungufu upande wa plasi (picha inatua nyuma kidogo ya retina) ambao jicho litaula lenyewe likikua. Huo upungufu tunaufidia kwa miwani ambayo unaibadilisha kila namba ikisogea, miwani ni rahisi kubadilisha kuliko kufungua jicho mara ya pili. Kuna kanuni moja ya mkato inatumika, umri ukijumlisha na namba inayobaki ipate 7: wa miaka 3 anaachiwa +4, wa miaka 5 +2, wa miaka 7 sifuri. Sio sheria ya msahafu. Wengine jicho likiwa moja tu lililoumia wanapendelea kukaribia sifuri zaidi ili picha iwe safi mapema na ubongo usilikatae, wanasema hizo minasi za ukubwani tutapambana nazo tukifika. Ni mabishano ya kweli kati ya madaktari, yote mawili yana mantiki. Kwa miaka 5, +2 ni jibu la kawaida kabisa wala hujapunjwa.

Na ndugu jicho_moja ile milango miwili uliyoona haikuwa utundu wako. Jicho lisilo na lenzi ukilipa miwani picha inakuwa kubwa kwa robo hivi kuliko ya jicho jingine, hakuna ubongo unaoweza kuunganisha hizo mbili. Kwa mtu aliyepoteza lenzi macho yote mawili miwani inawezekana maana zote zinakuwa kubwa sawa. Kwa jicho moja haiwezekani. Pole sana.

#5 mzee_wa_kona

Aisee. Jicho_moja nisamehe ndugu yangu, sikujua.

Optomu swali basi sio ubishi. Kama tatizo ni picha kubwa, kwanini asipewe zile lenzi za kuvaa juu ya jicho, kontakti, mpaka akue ndio awekewe ya ndani? Hapo si ubongo unafanya kazi na jicho linakua, wote wameshinda?

#6 optomu

Swali zuri na limeshafanyiwa utafiti mkubwa Marekani, ila kwa vichanga. Watoto 114 waliozaliwa na mtoto wa jicho upande mmoja, wakapasuliwa wakiwa na umri wa mwezi 1 hadi chini ya miezi 7, nusu wakawekewa lenzi ndani nusu wakapewa kontakti. Wakafuatiliwa hadi miaka 10. Kuona kukawa sawa kati ya makundi, ila waliowekewa ndani walirudi thieta mara nyingi zaidi. Ndio maana kwa kichanga madaktari wengi wanaanza na kontakti.

Ila huyu wa miaka 5 ni kitabu kingine. Jicho lake limeshakaribia saizi ya ukubwani. Konea yake ina nyuzi na kovu, kontakti inakaa kwa shida. Halafu fikiria kuivalisha na kuivua kila siku kwa mtoto aliyeshonwa jicho na anaogopa hata kidole chako kikikaribia. Ikipotea wiki moja, wiki hiyo jicho halifanyi kazi. Ikibebwa na mikono michafu anapata kidonda cha konea. Zinatumika, na pale ambapo lenzi ya ndani haiwezekani zinaokoa, ila kwa umri huu na jicho moja la ajali ya ndani ndio chaguo la kwanza likiwezekana kukaa.

Kuhusu ubongo kuacha kusikiliza, Hubel na Wiesel walifunga kope la jicho moja kwa paka wachanga, walipolifungua baadaye jicho zima kabisa lakini sehemu ya ubongo inayopokea picha ilikuwa imeshachukuliwa na jicho jingine. Paka mkubwa ukimfanyia hivyo haimpati. Walipata Nobel 1981. Kwa binadamu dirisha hilo liko wazi sana miaka ya mwanzo na linajifunga taratibu mpaka kwenye miaka 7 au 8 hivi. Babak uzuri wako ni mmoja: dogo ameona vizuri miaka 5 mizima kabla ya ajali. Ubongo wake ushajifunza kuona kwa jicho hilo, haujaanza sifuri kama wa aliyezaliwa nao. Ila kusahau nako hakuchukui miaka, kwa mtoto ni suala la miezi.

#7 nesi_wa_zamu

Niko upande wa thieta ya macho miaka mingi, niongezee yanayotokea mlangoni kwetu. Kwanza lugha yetu hii inatutesa, kila siku naeleza mzazi "mtoto wako ana mtoto wa jicho" wananikodolea. Bibi mmoja aliniambia mjukuu wangu ana miaka 6 mwanangu, mtoto anatoka wapi tena.

Haya. Mtoto mdogo hapimwi kwenye kiti kama mkubwa, anapimwa akiwa ameshalala, urefu wa jicho kwa altrasaundi na mpindo wa konea. Konea ikiwa na kovu baya wanachukua vipimo vya jicho zima kama kadirio. Kwa hiyo ukisikia namba imetoka jicho la kushoto wakati aliyeumia kulia usishtuke, hawajakosea upande.

Kabla ya hapo lazima altrasaundi ya nyuma ya jicho maana mboni ikiwa nyeupe daktari haoni retina kama imechanika au kuna damu. Na hapa niwaambie kitu wazazi wote, mboni nyeupe kwa mtoto mdogo sio lazima iwe ajali hata kama kaanguka jana. Kuna saratani ya retina ya watoto nayo inaonyesha weupe hivyohivyo, na watu hukumbuka tu kwamba alijigonga. Hakuna kufungua jicho jeupe la mtoto bila kuangalia nyuma kwanza.

Upasuaji wenyewe: lenzi ya asili imekaa ndani ya kifuko chembamba sana. Wanatoboa mbele ya kifuko, wananyonya uji wa lenzi, kifuko kinabaki, lenzi ya akriliki inaingia ikiwa imekunjwa inafunguka humo ndani. Kwa mkubwa hapo tumemaliza. Kwa mtoto wa umri huu daktari anatoboa na ukuta wa NYUMA wa kifuko, anasafisha na ute wa mbele kidogo, kwa sababu huo ukuta kwa mtoto ukiachwa unaota ukungu mwingine, kwa wadogo ni karibu kila mmoja. Mkubwa ukungu huo tunautoboa kwa leza amekaa kwenye mashine dakika chache, sasa wa miaka 5 utamwambia atulie kidevu hapo asipepese? Na kidonda tunakishona hata kiwe kidogo, jicho la mtoto ni laini halijifungi lenyewe na watoto wanafikicha.

Kwenye ajali kuna la ziada. Waya ukiwa umechana kifuko, au nyuzi zinazokining'iniza zimekatika, lenzi haina pa kukaa pale pa kawaida. Wanaweza kuiweka mbele ya kifuko nyuma ya airisi (ile duara yenye rangi inayozunguka mboni), hapo inatakiwa aina ya vipande vitatu maana ile ya kipande kimoja inasuguana na airisi. Au wanaifunga kwa airisi au kwa ukuta mweupe wa jicho. Au wanaamua leo hatuweki, tunasafisha tu. Akitoka akakuambia hajaweka usimwone hajui kazi, wengine wanajua hapo hapo jicho likiwa wazi.

Msosi na maji kabla ya nusukaputi fuata masaa uliyopewa, usimhurumie akakulilia ukampa. Tunaahirisha na wewe utalia.

#8 tausi_mweupe

Pole kaka babaK. Mi nina binti alipigwa na mpira wa ngozi jichoni ana miaka 8, sasa ana 13. Tofauti na wako, halikutoboka, nje zima kabisa, tukafikiri limeisha. Mwezi wa tatu anasema ukungu. Kumbe kugongwa tu bila kuchanika kunaharibu lenzi, daktari alinionyesha picha weupe umejipanga kama ua la waridi. Na lenzi ilikuwa imelegea upande mmoja.

Aliwekewa. Yeye kwa sababu ni mkubwa ukuta wa nyuma uliachwa, miezi mitano ukaota ukungu, akakaa kwenye leza kama mtu mzima, ikaisha.

Nakuambia yale ambayo mimi hayakuniingia. MOJA, matone. Jicho la mtoto linawaka moto baada ya operesheni kuliko la mkubwa, linaweka utando kama buibui mbele ya lenzi kama hukuweka steroidi kwa wakati. Sisi wiki ya kwanza kila saa moja akiwa macho. Niliweka kengele kwenye simu mpaka binti akawa anaiga mlio. Na kuna lile la kupanua mboni, usilikate kwa kuwa anasema mwanga unamuumiza, mvalishe kofia. PILI hakuna mtu aliniambia kwa sauti kwamba lenzi ya bandia haijikunji kuangalia karibu. Mbali anaona, kitabu haoni, mwalimu kasema amekuwa mvivu wa kusoma. Miwani yake ikabidi iwe ya sehemu mbili, juu ya mbali chini ya kusoma. Wewe uulize hilo mapema.

Tatu hili la kwangu mimi zaidi. Kugongwa kule kuliumiza kona ambayo maji ya ndani ya jicho yanapitia kutoka. Tulikuwa tunaenda kila mwaka kupima presha ya jicho, mwaka wa nne nikasema tusiende hana tatizo, mume wangu akanilazimisha, presha ikakutwa juu. Haumwi popote, anaona vilevile. Sasa anatumia tone jioni. Ningekaa mwaka mmoja nyumbani kwa uvivu wangu sijui.

#9 kurasa_za_kale

Mi sio wa afya, napenda historia tu, ila uzi huu umenikumbusha hii lenzi yenyewe ilizaliwa kwenye ajali za macho. Vita kuu ya pili, marubani wa Uingereza walikuwa wanapigwa risasi kioo cha plastiki cha chumba cha rubani kinapasuka vipande vinaingia machoni. Daktari mmoja wa London Harold Ridley akaona kwamba vile vipande havileti uvimbe, jicho linakaa navyo tu miaka. Akatengeneza lenzi ya plastiki hiyohiyo akamwekea mgonjwa Novemba 1949 hospitali ya St Thomas'. Wenzake walimpinga miaka na miaka, ni mwaka 2000 ndio akapewa cheo cha Sir akiwa na miaka 90 na ushee. Kwa hiyo anayeuliza plastiki itadumu vipi jichoni mwa mtoto, ilianza hivyo.

Swali langu: jicho zima la dogo liko salama kabisa? Nauliza kwa sababu ya Louis Braille, yule wa maandishi ya vipofu. Alijichoma JICHO MOJA na chombo cha kutobolea ngozi kwenye karakana ya baba yake akiwa na miaka 3, na akiwa na miaka 5 hakuona yote mawili.

#10 babaK (mleta mada)

Kurasa mkuu. Karakana ya baba yake kabisa. Hiyo ungeniandalia kwanza.

#11 kurasa_za_kale

Dah. Samahani sana mkuu, sikufikiria upande huo.

#12 nesi_wa_zamu

Babak tulia. Hiyo ya Braille ilikuwa 1812, hakuna dawa ya kuua vijidudu, hakuna kushona konea, hakuna steroidi. Lipo tatizo la mwili kulishambulia jicho zima baada ya jicho jingine kutobolewa, ni nadra sana, na likitokea mara nyingi ni ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kazi yako ni kujua dalili: jicho ZIMA likiwa jekundu, likichukia mwanga, akisema linaona ukungu, usingoje kliniki ya mwezi ujao, unakwenda siku hiyo. Likiwahiwa lina dawa.

Na hatari ya kila siku kwa jicho zima ni nyepesi kuliko hiyo: mpira, fimbo, penseli. Kuanzia sasa miwani yake hata isiyo na namba upande huo iwe ya polikaboneti, haipasuki vipande. Avae akiwa macho.

#13 optomu

Naunga mkono hapo kwenye polikaboneti kwa mikono miwili.

#14 babaK (mleta mada)

Wakuu nimerudi. Nilisaini. Nilimwuliza daktari tena safari hii nikiwa na maswali niliyoandika humu humu, akacheka akasema nani kakufundisha. Niliuliza kifuko kimechanika kiasi gani, akasema mbele kimechanika nyuma anaona kizima ila hana uhakika mpaka aingie. Nikauliza kama hakitafaa mpango wa pili ni upi, akanieleza. Nikauliza mara ngapi matone, nani atampima miwani na lini. Hiyo ya +2 alisema kweli ni kwa hesabu ya umri.

Operesheni juzi, kama saa moja na nusu. Lenzi imekaa kwenye kifuko, ukuta wa nyuma wametoboa kama nesi alivyosema, na nyuzi za ile konea ya mwanzo zilizolegea wamezitoa humohumo akiwa amelala. Jana wamefungua bandeji. Mboni ni NYEUSI wakuu. Nilikuwa nimeshazoea ule weupe, nilipoona nyeusi nikatoka nje kwanza.

Alinitazama akasema baba mbona unalia, akaniambia shati langu lina mistari. Linayo kweli, ila alikuwa ananiangalia kwa macho yote mawili so sijui aliona kwa lipi hahaha.

#15 tausi_mweupe

Mungu mkubwa!! Sasa pumzika leo tu maana kesho vita vya plasta vinaanza.

#16 babaK (mleta mada)

Vita gani tena dada

#17 tausi_mweupe

Utaziba jicho ZIMA, yaani lile analoliamini, ili ubongo ulazimike kutumia la lenzi. Masaa utapewa na daktari. Mwanzoni atakuona wewe mchawi. Atabandua. Atakuambia limeanguka lenyewe. Atachungulia pembeni. Usimzibe akiwa amelala haina maana, na mpe kitu cha karibu cha kufanya, kuchora, kutunga shanga, kupaka rangi. Wangu nilimwambia kila plasta tukiitoa tunaibandika ukutani anaichora uso, ukuta ukajaa sura za plasta 200 na kitu.

#18 jicho_moja

Mzibe. Akilia mzibe. Nasema kwa upendo.

#19 optomu

Ongezea: ziba akiwa AMEVAA miwani. Nimeshaona wazazi wanaziba miezi mitatu miwani iko kabatini, jicho linalofanyishwa kazi linaona ukungu, ubongo unajifunza ukungu. Na usizidishe masaa kwa bidii yako mwenyewe, ukiziba zuri kupita kiasi kwa mtoto mdogo nalo linaweza kudhoofika. Fuata uliyoandikiwa na urudi kupimwa.

#20 babaK (mleta mada)

Miezi 4. Sitadanganya nimechoka. Wiki iliyopita niligombana na mama yake kwa ajili ya plasta, yeye anasema mtoto anateseka mwache siku mbili, mimi nasikia sauti ya jicho_moja kichwani. Tukaelewana kwamba tunamziba asubuhi, yeye anakaa naye saa moja mi saa moja, mchana yuko huru.

Kipimo: mwezi wa kwanza jicho hilo peke yake na miwani lilikuwa 6/60, yaani anachoona mwenye macho mazima akiwa mita 60 yeye mpaka awe mita 6. Sasa 6/24. Daktari anasema kovu la konea limepindisha uso wa jicho, astigmatizimu isiyo na mpangilio, hiyo miwani haiifuti yote, kwa hiyo 6/6 tusiitegemee. Kuna siku atajaribiwa kontakti ngumu ikishatulia. Mi 6/24 naichukua.

#21 mzee_wa_kona

Mkuu 6/24 kutoka kwenye jicho lililotoboka na waya. Mi mwenyewe la kushoto nadhani ni hiyo hiyo na sijachomwa na mtu.

#22 optomu

Mzee nenda kapime, sio utani. 6/24 bila kuchomwa ina sababu yake, na kwa umri wako huenda ni mtoto wa jicho ule ule unaosema ni wa wazee.

#23 babaK (mleta mada)

Wakuu, naufufua uzi wangu. Miezi 14 toka operesheni, dogo ana miaka 6 na nusu. Tumetoka kliniki leo. Presha ya jicho kawaida, retina kawaida, lenzi katikati, nyuma hakuna ukungu. Kuona 6/18. Jicho linakimbia nje kidogo akichoka ila analirudisha.

Halafu akapimwa namba ya miwani. Mliokuwepo mwanzo mnakumbuka nilikuja humu nimekasirika naambiwa mwanangu anaachiwa +2. Leo imesoma +1.25. Nikamwuliza mpimaji mashine iko sawa? Akarudia, +1.25. Jicho limekula robo tatu peke yake bila mtu kuligusa.

Mzee wa kona njoo uone kiatu chako.

#24 mzee_wa_kona

Nimeona mkuu, nimekubali. Na mimi nilienda, ni wa wazee kweli, napasuliwa mwezi ujao. Wangu hawaniachii plasi wala nini, wanasema mzee wewe hukui tena.

Plasta mmeacha?

#25 babaK (mleta mada)

Bado, saa moja kwa siku. Ya leo kaificha chini ya godoro, naitafuta hapa.